Kilometa zimegoma: kuutafuta ugonjwa wa odometa ya gari la kale

Kabla hujagusa bisibisi, jibu swali moja: gari likitembea, mshale wa spidi unafanya nini? Unapanda na kushuka kama kawaida huku namba za kilometa zimeganda? Au umelala kwenye sifuri pamoja na namba zenyewe? Jibu hilo linakuokoa nusu ya kazi, maana ndilo linalokuambia kama ugonjwa uko ndani ya spidomita au uko chini ya gari. Nimeona watu wakifungua dashibodi nzima, wakavunja na klipu mbili tatu za plastiki ambazo hazitengenezwi tena, kumbe kilichokatika ni kebo, tena mwisho wa kule kwenye giaboksi.

Katika gari lenye spidomita ya kebo, mshale na odometa, yaani namba za kilometa, wanakula sahani moja. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha shafti moja fupi nyuma ya spidomita. Juu ya shafti hiyo kuna sumaku inayozunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Inaamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate, na springi nyembamba kama unywele inakizuia kisiende mbali. Mshale umeshikwa na kikombe hicho. Otto Schulze wa Ujerumani alisajili hataza ya mpango huu mwaka 1902, na magari yaliendelea kuutumia kwa miongo mingi bila kuubadilisha sana.

Odometa haina ujanja wa sumaku. Yenyewe ni meno kwa meno. Shafti ileile imechongwa mzingo kama wa skrubu, mzingo unasukuma gia ndogo, gia inazungusha kishafti cha pili chenye mzingo wake, na hicho kinasukuma gia nyingine iliyo ubavuni mwa vigurudumu vya namba. Kila hatua inapunguza kasi. Magari mengi ya Marekani yalitengenezwa kwa hesabu ya mizunguko 1,000 ya kebo kwa maili moja, kwa hiyo kebo ikizunguka mara 1,000, kigurudumu cha mwisho kulia, kile cha sehemu za kumi, kinazunguka mara moja tu. Wazo lenyewe ni la kale kuliko gari: Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, alieleza mkokoteni ambao gurudumu lake likizunguka mara 400 hutimiza maili ya Kirumi, na meno yakaangusha kijiwe kimoja ndani ya sanduku. Mwisho wa safari unahesabu vijiwe.

Basi shafti ni moja, njia ni mbili. Vyote viwili vikifa pamoja, tatizo liko kabla ya njia kugawanyika. Kikifa kimoja, tatizo liko kwenye njia yake.

Mshale na namba, vyote vimelala

Hapa spidomita haina hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Anza kwa kufungua kebo nyuma ya spidomita. Mara nyingi ni nati ya kuzungusha kwa vidole, au klipu ya kubana pande mbili. Chungulia ncha ya waya wa ndani: kwa kawaida ni ya mraba. Mwambie mtu alisukume gari polepole likiwa huru, bila gia, nawe ukiangalia ncha. Lazima izunguke. Kwa spidomita iliyoandikwa W=1 usoni, kebo inazunguka mara moja kwa kila mita; kwa ile ya mizunguko 1,000 kwa maili, ni mara moja kwa kila mita 1.6 hivi. Ukisukuma mita kumi unapata picha kamili.

Isipozunguka, vuta waya wa ndani. Ukitoka kipande, umeshapata jibu. Ukitoka mzima, shida iko upande wa giaboksi: nati imelegea na kebo imerudi nyuma, au kijigia cha nailoni kinachoendesha kebo kimelika meno. Kijigia hicho huchomolewa pamoja na nyumba yake, na ukikishika mkononi utaona mara moja, kwa sababu meno yaliyolika yanaonekana kama kamba iliyochanika. Kabla ya kukichomoa weka chombo chini, mafuta ya giaboksi yanaweza kukufuata.

Kuna mtego mmoja unaowapata wengi. Ncha inazunguka, wanasema kebo ni nzima, wanafungua spidomita. Kumbe waya umekatika katikati na vipande viwili vinagusana tu. Vikiwa bila mzigo vinakwenda pamoja, vikipewa kazi kimoja kinateleza. Kwa hiyo ncha ikizunguka, ibane kidogo kwa vidole viwili. Kebo nzima utaihisi ikikataa kusimama. Iliyokatika, au ile ya kijigia kilicholika, inasimama kwa upole kabisa.

Wenye Volkswagen Beetle wana habari yao. Kebo yao haitoki kwenye giaboksi. Inatoka gurudumu la mbele la kushoto. Inapita ndani ya mhimili wa gurudumu, na ncha yake ya mraba inatokeza kwenye kifuniko cha grisi, ambako inashikwa na klipu ndogo. Kifuniko kinapozunguka na gurudumu, kinaizungusha kebo. Klipu ikidondoka au tundu la mraba kwenye kifuniko likapanuka likawa duara, kila kitu kinalala. Ni kazi ya dakika kumi, na ndiyo maana inauma ukiigundua baada ya kufungua dashibodi.

Sasa, kebo imekatika. Usikimbilie kufunga mpya. Jiulize kwanza imekatwa na nini. Waya wa chuma uliosokotwa haukatiki kwa uzee pekee. Mara nyingi kuna kitu kilikuwa kinaukataa. Tafuta kipande cha chuma cha mraba kinachoingia kwenye tundu la spidomita, au chonga kipande cha mti, na uizungushe shafti kwa vidole. Inapaswa kwenda kwa wepesi wa kalamu ndani ya kifuniko chake. Ikiwa nzito, au ina sehemu inayokwama na kuachia, grisi ya bushi imekauka ikawa kama gundi, na kebo mpya utakayofunga leo itakatika palepale. Angalia pia njia ya kebo yenyewe: pasiwe na kona kali kuliko duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, na isigusane na bomba la ekzosi.

Kulainisha kebo nako kuna adabu yake. Vuta waya wote, ufute, upake grisi nyepesi kidogo sana, na uache sentimita 15 hadi 20 za upande wa spidomita zikiwa kavu kabisa. Mzunguko wa waya unaipandisha grisi juu taratibu. Ukijaza, baada ya miezi michache grisi itakuwa imeingia kati ya sumaku na kikombe, na mshale utaonyesha spidi ambayo gari hilo halijawahi kuifikia hata likiwa jipya. Ukikuta mafuta mepesi yenye harufu ya giaboksi ndani ya spidomita, sili ya kijigia kule chini imechoka na mafuta yamepanda kebo yote. Badilisha sili kwanza.

Mshale mzima, namba zimeganda

Huu ndio ugonjwa wenyewe, ule ambao watu wanamaanisha wanaposema odometa imekufa. Kebo ni nzima, shafti inazunguka, mshale unasema kweli, lakini namba hazisogei, za jumla wala za safari, zile unazozirudisha sifuri kwa kitufe. Mahali fulani kati ya mzingo wa shafti na kigurudumu cha kwanza cha namba, mnyororo wa meno umekatika.

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni gia iliyolegea kwenye kishafti chake. Spidomita nyingi za kampuni ya VDO, zilizofungwa kwenye Mercedes-Benz W123, Porsche 911 na magari mengine mengi ya Ujerumani, zina gia ndogo ya metali ya kumimina iliyobanwa tu kwenye kishafti chembamba, bila pini wala ufunguo. Miaka inapita, joto na baridi vinapokezana, metali inapata ufa usioonekana kwa macho, na gia inaanza kuteleza. Dalili yake ni ya pekee: kwa miezi kadhaa odometa inafanya kazi asubuhi na kulala mchana, au inaamka ukipiga dashibodi, kisha siku moja haiamki tena.

Wa pili ni gia ya plastiki iliyooza. Volvo 240 zenye spidomita ya umeme zinajulikana kwa kijigia chao chenye meno 25 ambacho hugeuka makombo. Plastiki hizi hazikuliwa na kazi. Zimekaushwa na muda. Ukikuta vipande vya njano au kahawia chini ya kioo, usitafute zaidi. Usijaribu kuunga kwa gundi jino moja lililovunjika, kwa sababu mengine yote yana umri uleule. Gia mpya hutengenezwa kwa magari mengi maarufu, na unachohitaji ni kuhesabu meno kwa uhakika. Hesabu mara mbili. Ikiwa sehemu imemeguka, hesabu meno ya nusu iliyobaki kisha uzidishe, na ulinganishe na gia inayopakana nayo.

Kabla ya kufungua, tazama spidomita kwa makini. Kama gari ni la kabla ya miaka ya 1960 na namba za usoni au mshale vina rangi nene ya krimu au kahawia iliyokuwa ikiwaka gizani, chukulia kuwa ina radiamu, madini yenye mionzi. Kutokuwaka kwake leo si dalili ya usalama. Kilichochoka ni kemikali iliyokuwa inatoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa kila miaka 1,600 hivi. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi lake au kulimeza. Usikwangue, usipulize kwa hewa, usifungue juu ya meza ya chakula. Spidomita ya namna hiyo mimi simshauri mtu aifungue nyumbani. Kuna mafundi wa saa na vipimo vya kale wenye vifaa vya kazi hiyo.

Kwa nyingine zote, toa kwanza waya wa betri, kisha itoe spidomita. Pete ya mbele ina tabia tofauti: kwenye Smiths nyingi za Uingereza unaizungusha mpaka mikato yake ikutane na vijino vya nyumba, inatoka. Kwenye VDO nyingi imekunjwa ukingo, nawe unaikunjua kidogo kidogo kwa bisibisi butu ukizunguka duara lote, milimita kwa milimita, tena na tena. Mwenye haraka atapata pete yenye mawimbi kama ukingo wa chapati.

Mshale usiuchomoe kama huna lazima. Katika spidomita nyingi unaweza kufikia kishafti cha odometa kutoka ubavuni bila kuugusa, na hapo ndipo busara ilipo. Ukilazimika, upandishe kwanza taratibu juu ya kipini unapolalia, uuache upumzike pale springi inapoupeleka, na uweke alama ya mahali hapo kwa kipande cha tepu usoni. Hapo ndipo pa kuurudisha. Mimi mara ya kwanza niliurudisha kwenye sifuri, nikaona nimefanya kazi safi, nikaendesha wiki mbili nikishangaa mbona kila mtu barabarani ananipita. Kuuchomoa, tumia vijiko viwili vidogo vilivyoingizwa chini yake kutoka pande mbili, karatasi ngumu ikilinda uso, na inua sawasawa. Usizungushe, maana springi ile ikipinda hakuna dawa ya nyumbani.

Ukishafika kwenye kishafti, piga picha. Piga nyingi. Kisha kishike kigurudumu cha namba cha kwanza kwa kidole na uzungushe shafti kuu. Kama gia inazunguka huku kishafti kimesimama, au kishafti kinazunguka huku gia imesimama, umemshika mwizi.

Tiba yake ni ya kiwango cha mikono yako. Sukuma kishafti nje kidogo kwa pini nyembamba mpaka sehemu inayobanwa na gia ionekane. Ifute mafuta yote. Ikwaruze kwa ncha kali au kwa kubana kidogo kwa koleo yenye meno, ili chuma kipate mikwaruzo ya kung'ata. Kisha weka gundi ya kufungia shafti, ile inayokauka pasipo hewa, kiasi cha kichwa cha pini, na urudishe gia mahali pake kamili. Pima kwa picha uliyopiga, kwa sababu gia ikisogea nusu milimita haitakutana vizuri na mzingo. Futa chochote kilichozidi kabla hakijafika kwenye bushi. Gundi ikiingia kwenye bushi umefunga odometa kwa mkono wako mwenyewe.

Supaglu iache kwenye droo. Inashika, ndiyo, lakini mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye uso mweusi wa spidomita, na inapenda kutambaa ndani ya matundu madogo. Na kama gia yenyewe ina ufa wa wazi au inabonyea na kumomonyoka ukiikwaruza kwa kucha, metali imeoza kwa ndani. Zinki ya kumimina yenye uchafu hufanya hivyo: inavimba, inapasuka, inageuka unga. Gundi haifufui unga. Tafuta gia nyingine.

Ya safari inahesabu, ya jumla haihesabu. Au kinyume chake

Safu hizi mbili mara nyingi zinaendeshwa na kishafti kimoja, kila moja kwa gia yake. Moja ikiendelea, kebo, shafti na mwanzo wa mnyororo ni wazima, nawe unatafuta ile gia ya mwisho tu. Safu ya safari ikiwa ndiyo mgonjwa, mtazame kwanza mwenye gari. Kuna watu wanabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri gari likiwa linatembea. Kitufe hicho kinavizungusha vigurudumu vya namba kwa nguvu wakati gia inavisukuma, na meno ya plastiki ndiyo yanayolipa. Simamisha gari, ndipo ubonyeze. Springi ya kitufe nayo huchoka: kitufe kikibaki kimezama nusu, vigurudumu vinabaki vimeachana na gia zao, na safu nzima inasimama ingawa hakuna kilichovunjika. Kivute mwenyewe uone kabla hujafungua chochote.

Namba zimepinda, au zimekwama kwenye tisa

Ukikuta odometa imesimama kwenye 39,999 au 69,999, usidhani ni bahati mbaya. Kigurudumu kimoja cha namba kikisogea peke yake, mzigo ni mdogo. Kikifika tisa na kutaka kuingia sifuri, kinamsukuma jirani. Jirani naye akiwa tisa, anamsukuma wa pili. Kwenye 39,999 karibu safu nzima inazunguka kwa wakati mmoja, na hapo ndipo gia iliyokwisha kulegea inakubali kushindwa. Kwa hiyo odometa iliyokufa kwenye tisa nyingi ina magonjwa mawili: gia dhaifu, na vigurudumu vizito. Ukitibu gia peke yake, itashika mpaka tisa nyingine zipange foleni.

Ujue jinsi wanavyosukumana. Kwa kawaida kila kigurudumu kina meno 20 upande mmoja na meno mawili tu upande wa pili, na kati ya kila jozi kuna kijigia kidogo kilicho kwenye mhimili wake. Mzunguko mzima ukitimia, yale meno mawili yanakisogeza kijigia, nacho kinamsogeza jirani meno mawili kati ya 20, yaani namba moja. Kijigia hicho kikikosa jino au mhimili wake ukipinda, namba zinasimama nusu nusu, huoni kama ni nne au tano. Namba ya kulia kabisa ikiwa kati ya tarakimu mbili hiyo si kasoro, imeumbwa isogee polepole. Nyingine zote zinapaswa kukaa katikati ya dirisha.

Kusafisha ni kazi ya brashi laini na subira. Tarakimu zimechapwa kwa rangi ambayo spiriti na petroli huondoa kwa mguso mmoja. Nimewahi kufuta saba ikabaki kigurudumu cheupe. Kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo kinatosha kwa uso wa namba. Kwenye mhimili, futa mafuta ya zamani kwa kijiti, kisha weka tone moja la mafuta ya saa. Usipulizie mafuta ya mkebe. Yatasambaa kila mahali, yatavuta vumbi, na baada ya mwaka utakuwa na uzito uleule uliotaka kuuondoa.

Ukivirudisha vigurudumu, njia rahisi ni kuvipanga vyote kwenye sifuri, kuvifunga kwa tepu ili visisogee, kisha kuviingiza vijigia kimoja kimoja. Visipokaa sawa, kosa karibu daima ni kijigia kilichoingia jino moja mbele au nyuma.

Namba zinakwenda, mshale unacheza

Mshale ukitetemeka au kuruka kwa mdundo, kebo imekauka au imepinda. Rudi juu kwenye habari za kebo. Mshale ukiwa umelala kabisa huku namba zinahesabu, kikombe au springi yake vimeharibika. Hilo ni la fundi wa vipimo.

Zinahesabu, ila zinadanganya

Pima kwanza. Tumia GPS ya simu kwa kilometa 10 au zaidi, barabara iliyonyooka iwezekanavyo, ukianzia pale namba ya mwisho inapoingia tu dirishani. Kilometa moja haitoshi, kwa sababu kosa la kusoma kigurudumu cha mwisho linameza jibu lote.

Kosa dogo, la asilimia tatu au tano, kwa kawaida ni tairi. Chukua gari lililotoka kiwandani na tairi za 155R13, zenye kipenyo cha milimita 578 hivi, likavalishwa 185/60R13 zenye milimita 552 kwa sababu zinapendeza. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na odometa itaandika karibu kilometa 105 kwa kila 100 za kweli. Hakuna cha kutengeneza ndani ya spidomita.

Kosa kubwa, la asilimia 20 au hata 60, lina maelezo mengine: spidomita si ya gari hilo, au giaboksi au difu vimebadilishwa. Soma maandishi madogo usoni. VDO huandika W na namba, yaani mizunguko ya kebo kwa mita. Smiths huandika namba kama 1000 au 1280, mizunguko kwa maili. Spidomita ya 1280 ikifungwa kwenye gari la 1000 itahesabu pungufu, karibu maili 78 kwa kila 100. Na kosa la asilimia 60 hasa linanifanya niulize kama kuna mtu aliyebadilisha uso wa kilometa kwa uso wa maili bila kubadilisha gia za ndani, maana maili moja ni kilometa 1.609. Dawa ni kijigia cha kebo chenye idadi tofauti ya meno kule kwenye giaboksi, au kisanduku kidogo cha gia kinachofungwa katikati ya kebo kurekebisha uwiano.

Spidomita ya umeme

Magari ya miaka ya mwisho ya enzi hii hayana kebo. Sensa inatuma mapigo ya umeme. Kwenye BMW E30, kwa mfano, imekaa kwenye kifuniko cha difu ya nyuma. Mantiki haibadiliki. Mshale na namba vikifa pamoja, angalia sensa, plagi yake na nyaya zake, hasa pale zinapokunjwa na kuguswa na matope. Mshale ukiwa mzima, angalia motor ndogo inayozungusha namba na vijigia vyake vya plastiki, na kwenye bodi yake tafuta lehemu iliyopasuka kwa duara jembamba kuzunguka miguu ya viunganishi. Kapasita zilizovimba au kuvuja zibadilishe zote kwa pamoja.

Kujaribu kabla ya kurudisha

Usifunge spidomita garini kwa matumaini. Chonga kipande cha mraba, kifunge kwenye drili inayoweza kwenda polepole, na uangalie kwanza ni upande upi mshale unapanda. Drili ikienda kinyume, mshale unabaki umelala kwenye kipini chake na namba zinarudi nyuma. Kwa spidomita ya W=1, mizunguko 1,000 kwa dakika ni kilometa 60 kwa saa; kwa ile ya 1,000 kwa maili, mizunguko hiyohiyo ni maili 60 kwa saa. Hesabu moja, vipimo viwili. Kwa dakika moja kigurudumu cha sehemu za kumi kinapaswa kutimiza duara moja. Iache izunguke robo saa, na upitishe angalau tisa mbili zikiingia sifuri kwa pamoja ukiangalia.

Namba ya kurudisha ni ileile uliyoikuta. Ndiyo sababu ya kupiga picha kabla ya kila kitu. Kama unajua gari lilitembea kiasi fulani odometa ikiwa imekufa, kiandike kwenye daftari la gari. Usikipachike kwenye vigurudumu. Nchi nyingi zinahesabu kupunguza kilometa kuwa kosa la jinai. Marekani ina sheria ya shirikisho tangu 1972, na inasema fundi akishindwa kurudisha namba ya awali baada ya matengenezo, aweke sifuri na abandike karatasi kwenye fremu ya mlango wa kushoto yenye namba ya zamani na tarehe ya kazi. Hata pasipo sheria hiyo, karatasi ya namna hiyo ikiwekwa pamoja na picha zako na ile gia ya zamani kwenye mfuko mdogo, mnunuzi wa kesho hatakuwa na la kuuliza.

Ukiifunga garini, ingiza kebo kwa mkono mpaka uhisi mraba umekaa kwenye tundu lake, ndipo ukaze nati. Ukikaza kabla haijakaa, utaikunja ncha mpya na kuanza ukurasa huu upya.